Kasha la Siyu na Karatasi Tulizozitosa Baharini



Ndugu msomaji, juma hili nakuomba tufuatane hadi Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji ambao wengi wetu twaujua kwa makubadhi yake tu. Sikwenda huko kwa matembezi. Nilikwenda na deni moyoni, na ni vyema nilieleze deni hilo kabla hatujapanda mashua.

Nyanya yangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kasha la mti lenye misumari ya shaba. Ndani yake mlikuwa na kanga zake, chetezo cha udi, marufaa ya kuwekea msahafu, na mfuko wa kitambaa uliojaa karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hapana hata mmoja kati yetu aliyeweza kuzisoma. Tuliona Bismillahi juu ya karatasi moja baada ya nyingine, tukaogopa zisije zikakanyagwa. Basi tukafanya kama tulivyofunzwa na wazee kuyafanyia makaratasi yenye jina la Mola. Tulizifunga katika kitambaa cheupe pamoja na jiwe, tukapanda ngalawa, tukazitosa penye kilindi. Tulirudi nyumbani tukiwa na amani, kama watu waliotimiza wajibu.

Mwaka uliofuata ukazuka ugomvi kijijini kwetu juu ya shamba la minazi. Wazee walisema kwamba minazi ile iliwekwa wakfu zamani kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti. Mtu mwingine akasema ni urithi wake. Tukaulizwa, kwa kuwa ukoo wetu ndio uliotajwa kuwa mtoaji wa wakfu huo: "Hati iko wapi?" Ami yangu aliinamisha kichwa, asiseme neno. Hatujui kama hati ilikuwamo katika mfuko ule. Huenda ilikuwamo, huenda haikuwamo. Linaloniumiza ni kwamba hatujui, na kwamba sisi wenyewe ndio tuliouziba mlango wa kujua.

Ndipo nilipoazimia kwenda mahali ambapo karatasi za namna ile zingali zinasomwa. Nilifuatana na mwenzangu wa nyumbani na binti yetu wa miaka 12, ambaye yuko madrasa na amekwisha kuhitimu juzuu kadhaa.

Tulianzia Lamu. Katika Makumbusho ya Lamu, pale ufukoni, tulizitazama siwa mbili mashuhuri: ya shaba ya Lamu, na ya pembe ya Pate. Ni kazi za fahari, na kila mtoto wa pwani yafaa azione. Walakini siwa ilipigwa kwa ajili ya wakubwa, siku za harusi kubwa na za kutawazwa. Mimi nilikuwa nikitafuta kata ya kutekea maji, mbuzi ya kukunia nazi, na barua ya mtu asiye na cheo.

Kutoka Lamu mashua husubiri maji. Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, hauna kina maji yakiwa yametoka, na nahodha asiyeyajua majira ya kujaa na kupwa hukwama na abiria wake katikati ya mikoko. Tulipita maji yakiwa yanajaa, tukateremka Mtangawanda, na kutoka hapo tukachukua pikipiki tatu mpaka Siyu, njia ikipita katika vichaka na minazi.

Siyu ni mji mtulivu leo, hata mgeni asingedhani kwamba ulipata kuwatia wasiwasi masultani. Kando ya hori imesimama ngome yake, kuta zake zikitazama mikoko. Katika karne ya 19 mji huu uliongozwa na Sheikh Muhammad bin Is-haka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka. Mwaka 1844 Sayyid Said bin Sultan alituma jeshi kubwa kuutiisha. Watu wa Siyu wakalishinda, na amiri wa jeshi, Hammad bin Ahmad, akauawa katika vita hivyo. Ilikuwa hadi 1863, zama za Sayyid Majid, ndipo Siyu iliposalimu amri.

Lakini mji ule haukuishi kwa vita. Uliishi kwa mikono ya mafundi. Hapa palikuwa na waseremala wa viti na milango, washonaji wa makubadhi, wafua majambia, na zaidi ya wote, waandishi. Misahafu iliyonakiliwa Siyu inatambulikana kwa maandishi yake meusi na nakshi za rangi nyekundu na manjano zinazozunguka mwanzo wa sura. Karatasi yenyewe haikutengenezwa pwani. Ilikuja kwa vyombo vya baharini pamoja na bidhaa nyingine, nyingi yake ikitoka Italia. Wino mweusi ulipatikana kwa masizi na utomvu wa mti, na kalamu ilichongwa kwa utete. Fundi mmoja alitengeneza jalada la ngozi, mwingine akaandika, mwingine akachonga marufaa ya kuuwekea. Msahafu mmoja ulikuwa kazi ya mtaa mzima.

Tulipokewa katika nyumba ya bibi mmoja mzee ambaye jamaa zake tunajuana nao Mombasa. Tulipobisha hodi alitujibu kutoka ndani, "Karibuni, wanangu, piteni kivulini," na kabla hatujaeleza tulilolijia, tulikwisha wekewa madafu. Nilipomweleza habari ya mfuko wa nyanya yangu alinyamaza kwa kitambo. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Nenda kamwite babu yako mdogo, uje na funguo."

Kasha lilifunguliwa. Juu kabisa, karibu na mkono, palikuwa na pishi ya mti, imelainika kwa kushikwa. Bibi alimpa binti yetu aishike. "Pishi moja ni vibaba vinne," akamfundisha, "na mama yangu alikuwa haikubali nafaka ya mtu mpaka ipitishwe humu." Chini yake palikuwa na kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, upawa, na kijamanda cha ukindu chenye kifuniko. Palikuwa pia na bakuli la maua lililotoka Ulaya, la namna ile iliyojaa majumbani mwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, likiwa limepasuka na kushonwa kwa waya. Kwa nini mtu ashone bakuli badala ya kununua jingine? Kwa kuwa halikuwa rahisi kupatikana, na kwa kuwa nyumba zile hazikutupa kitu chenye kufaa.

Katika kona ya kasha palikuwa na ubao wa chuoni, mweusi kwa miaka, wa kufundishia watoto alif na be. Mwalimu aliandika, mtoto akasoma mpaka akahifadhi, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa tena. Maji yale hayakumwagwa ovyo njiani, kwani yalikuwa yamebeba maneno ya Mwenyezi Mungu. Hapo nikaifahamu asili ya hofu iliyotupata sisi siku ile tulipoushika mfuko wa nyanya. Hofu yenyewe haikuwa mbaya. Tuliirithi kwa watu waliojua kusoma, nasi tukairithi bila ya kusoma kwenyewe.

Yule mzee alifika, akatusalimu, akaketi juu ya mkeka. Bibi alitoa ndani ya kile kijamanda karatasi kama kumi hivi, zimekunjwa mara nne nne. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni. Mzee akaichukua moja, akampa binti yetu. "Wasoma Qur-ani?" akamwuliza. "Naam, babu." "Basi tusomee hii."

Mtoto alianza vizuri. Bismillahi aliisoma, na salamu za Kiarabu akazisoma, maana zilikuwa ndefu na zenye kupambwa, kama zilivyokuwa barua za wakati ule. Kisha akakwama. Herufi alizijua, lakini maneno hayakumjia. Alinitazama mimi, nami sikuwa na la kumsaidia. Mimi mwenye umri huu, ninayesoma msahafu kila alfajiri, nilikuwa nimekwama palepale alipokwama mtoto.

Mzee akacheka kwa upole. "Hapo sicho Kiarabu tena, ni Kiswahili," akasema. Akatueleza kwamba herufi za Kiarabu hazikuumbwa kwa sauti zetu zote. Katika barua za zamani herufi ya be yaweza kusomwa ba, au mba, au pa. Sauti za i na e huandikwa alama moja, na u na o vivyo hivyo. Neno moja likiandikwa, msomaji anaweza kulisoma "kuku", au "koko", au "kuko". "Sasa wewe utajuaje?" akamwuliza binti yetu. "Utajua kwa lugha yako. Soma maneno ya mbele na ya nyuma, uyasikilize. Aliyeandika alikuwa akisema, naye alijua kuwa wewe wajua kusema."

Akamwongoza neno kwa neno. Ilikuwa barua ya mwana aliyekuwa safarini, akimwandikia mama yake. Baada ya salamu ndefu, shauri lenyewe lilikuwa mistari michache. Amempa nahodha vipande viwili vya merikani, apokee. Ampe mwenye mtama reale tatu, kwani deni lisilale. Mdogo wake asiache chuo. Basi, salamu kwa wote waulizao.

Nilimtazama bibi. Hakuwa akilia, lakini mkono wake ulikuwa juu ya kile kijamanda. Huenda ameisikia barua ile mara nyingi maishani mwake, na bado ilikuwa ikimfikia.

Angalia, msomaji, mambo mangapi yamo katika mistari michache. Merikani ni kitambaa cha pamba cha viwanda vya Marekani, kilicholetwa na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na nguo ile ikaenea mpaka jina la nchi likawa jina la kitambaa. Reale ni sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa miaka mingi baada ya kufa kwake huku ikiandikwa mwaka uleule, 1780. Mtama wa kijiji cha Pate, pamba ya Marekani na fedha ya Austria vimekutana katika karatasi moja, na vinavyoviunganisha ni kijana mmoja asiyetaka mama yake adaiwe.

Kutoka hapo mazungumzo yalimfikia Mwana Kupona binti Mshamu. Wengi wetu tumesomeshwa utendi wake shuleni au tumeusikia kwa mama zetu, na tumezoea kuuona ukiwa kitabu. Lakini kumbuka, huyu alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na utendi wake, uliotungwa mwaka 1858, ulikuwa kwanza waraka wa nyumbani. Mama aliye mgonjwa anamwita binti yake, Mwana Hashima, amletee wino na karatasi, aketi karibu, apokee wasia. Kalamu, wino, karatasi, binti na mama: hayo ndiyo yaliyokuwamo chumbani. Haukufika kwetu kwa sababu ya serikali wala kiwanda cha kuchapia. Umefika kwa sababu watu waliuhifadhi, na wengine wakaunakili kwa mikono, mpaka ukachapishwa karne ya 20. Lau kama mtu mmoja wa mwanzoni angeutosa baharini kwa heshima, sisi tusingekuwa na neno lake hata moja.

Karatasi ya tatu mzee aliisoma mwenyewe, tena kwa sauti ya chini. Ilikuwa hati ya kumwacha huru mwanamke mtumwa, kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu. Jina lake lilikuwamo, na majina ya mashahidi. Tulikaa kimya. Tukizungumza juu ya karne ya 19 hupenda kutaja majahazi, udi na nakshi za milango, na jambo hili tukaliruka. Walakini mashamba mengi ya mtama na minazi yalilimwa na watumwa. Sayyid Barghash alikubali mwaka 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu ya Kenya mpaka 1907. Katika makasha yetu zimo hati za kununua watu, na zimo hati za kuwaacha huru.

Bibi akatuambia kwamba jamaa mmoja alipata kumshauri aichome karatasi ile, isiwe aibu kwa ukoo. "Nikamwambia siichomi," akasema. "Huyu naye ana wajukuu. Wakija kuniuliza mama yao alikuwa nani, niwaambieje?"

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo niliyorudi nayo. Karatasi iliyomo katika kasha langu si lazima iwe yangu. Huenda ni haki ya mjukuu wa mtu mwingine. Huenda ni ya msikiti. Huenda ni ya maiti aliyeacha deni na kutaka lilipwe. Nikiitosa bila kuisoma, simheshimu Mwenyezi Mungu ambaye jina lake liko juu yake. Nazima amana ambayo jina Lake lilitajwa ili ishuhudiwe.

Wala usidhani kuwa haya ni mambo ya wapenda historia tu. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hatimiliki za ardhi, iliyowataka wenye mashamba ya pwani walete madai yao na ushahidi wao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wakati huo karatasi zilizokuwa zimekunjwa ndani ya vijamanda ziligeuka kuwa ngao. Aliyekuwa na hati na akaweza kuisoma alikuwa na la kusema. Mambo ya ardhi ya pwani mnayajua hadi leo, sina haja ya kuyarefusha.

Kabla hatujaondoka nilimwuliza mzee kuhusu ile ada ya kuzika, kuchoma na kutosa. Je, wazee walikosea? Akajibu kwamba hawakukosea. Karatasi iliyochakaa, ambayo haisomeki tena, ina heshima yake ya mwisho kama alivyo maiti. "Lakini maiti haziki mtu mpaka ahakikishe kwamba amekufa," akasema, "na akisha kuhakikisha, huuliza kama ameacha wasia na madeni." Nadhani hakuna fatwa ya nyumbani iliyo bora kuliko hiyo.

Basi nawaomba wasomaji wa ukurasa huu mambo machache, na yote yanawezekana kabla ya Ijumaa ijayo. Fungueni makasha mkiwa pamoja na mzee aliye hai, maana yeye ndiye ufunguo wa pili. Karatasi zilizokunjwa msizilazimishe kukunjuka. Ziacheni kivulini penye hewa, mbali na jua na unyevu. Msizibandike gundi wala msizifunge katika plastiki ya moto, kwani haitoki tena. Pigeni picha kwa simu, kila ukurasa mbele na nyuma, na nakala muwape jamaa watatu walio miji mbalimbali. Chombo nacho kiandikiwe kikaratasi: chaitwaje, kilifanya kazi gani, kilikuwa cha nani. Pishi bila jina lake ni kopo la mti tu. Wanunuzi wa vitu vya kale wanapobisha mlangoni wakiwa na noti mkononi, kumbukeni kwamba mtauza mara moja na kujuta kwa miaka.

Na watoto wetu, ambao tayari wameijua alif na be kwa ajili ya Qur-ani, wakalishwe na mzee mmoja kwa nusu saa kila juma wajifunze kukisoma Kiswahili kwa herufi zizo hizo. Wengi wetu twadhani kuwa maandishi yale ni Kiarabu, hivyo hayatuhusu. Kumbe ni lugha ya mama yetu, imevaa nguo ya wageni. Hati za Kiswahili za herufi hizo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika chuo cha SOAS mjini London, na wasomi huzitafuta kwa nauli na taabu. Itakuwa ajabu ikiwa wao watazisoma huko nasi tuzitose hapa.

Tuliporudi Mombasa nililifungua tena lile kasha la nyanya, kwa kulisafisha. Katika ufa wa chini, chini ya ubao, binti yetu aliona sarafu ndogo ya shaba. Ilikuwa pesa ya Sayyid Barghash, yenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Aliisoma mwenyewe, pole pole, herufi kwa herufi. Sasa kila Alhamisi alasiri anakwenda kwa mzee wa mtaani kwetu na nakala ya ile barua ya Siyu, ambayo bibi alituruhusu kuipiga picha. Juma lililopita aliisoma mpaka mwisho bila kusaidiwa.

Shauri la minazi bado liko kwa wazee, na sisi bado hatuna hati ya kuwaonyesha. Hilo tumelikubali kuwa kosa letu, na tumewaomba radhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuandikia, awape umri wenye kheri wanaojua kusoma, na atujaalie tuwe watu wa kutunza amana. Wabillahi tawfiq.